Dharura Nyingi Zina Tarehe: Namna ya Kupanga Fedha za Nyumbani

Siku moja nilikaa na madaftari yangu mawili ya matumizi, la mwaka uliokuwa ukiisha na la mwaka uliotangulia, nikayafungua sambamba juu ya meza. Nilikuwa natafuta tarehe ya risiti fulani tu, lakini nilichokiona kilinishughulisha hadi usiku. Katika mwaka wa kwanza nilikuwa nimekopa mara tatu, na mbele ya kila mkopo nilikuwa nimeandika neno "dharura" kwa mkono wangu mwenyewe. Katika mwaka wa pili nilikuwa nimekopa tena mara tatu, kwa neno lilelile na katika miezi ileile. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa ada ya shule, wa pili wa bima ya gari pamoja na matengenezo yake, na wa tatu wa kodi ya nyumba ambayo ilikuwa inalipwa kwa mkupuo. Tarehe za malipo hayo yote nilikuwa nazijua. Ambacho sikuwa nimefanya ni kuziandika mahali ambapo ningeziona kabla hazijafika.

Maelekezo mengi ya kuweka akiba huanza kwa kumhimiza mtu ajinyime, kana kwamba kila anayeishiwa fedha kabla ya mwisho wa mwezi ameponzwa na uroho wake. Kujinyima kuna mahali pake, nami nitapafikia, ila mtu asiye na anasa yoyote anaweza kuishi kwa mikopo miaka kumi mfululizo kwa sababu tu gharama zake za mwaka humkuta hana kitu. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye utaratibu, yaani fedha ikiingia iende wapi kwanza, na siku gani.

Daftari la siku 30

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutunga bajeti yoyote, andika kila fedha inayotoka mkononi mwako kwa siku 30, na katika siku hizo usijaribu kujirekebisha. Bajeti inayotungwa kichwani bila kumbukumbu huwa ni ya mtu ambaye ungependa kuwa, na huvunjika katika juma la pili.

Safu tatu zinatosha: tarehe, kiasi, na kitu chenyewe. Katika safu ya tatu usiandike aina ya matumizi bali tukio lenyewe. Ukiandika "usafiri", baada ya mwezi mmoja utabaki na jumla isiyokuambia lolote. Ukiandika "teksi ya kurudi, nilichelewa kutoka kazini", utagundua kwamba unalipia kuchelewa mara sita kwa mwezi, na hilo ni jambo ambalo linaweza kushughulikiwa. Makato ya kutuma na kutoa fedha, ya simu au ya benki, yaandikwe kwenye mstari wake, yasijumlishwe na kiasi kilichotumwa, kwa sababu kila kato ni dogo kiasi cha kutoonekana, lakini jumla yake ya mwezi huwashangaza watu wengi kuliko kitu kingine chochote kilichomo daftarini. Andika siku hiyohiyo kabla ya kulala. Kumbukumbu ya jana huwa imekwisha kupunguza mambo mawili matatu.

Siku 30 zikitimia, panga matumizi katika mafungu yanayotokana na ulichoandika, wala usiazime mafungu ya mtu mwingine. Fungu la "mengineyo" likizidi sehemu moja ya kumi ya matumizi yote, lifungue upya, kwani kuna kitu kimejificha humo. Zoezi hili si jipya hata kidogo: mwandishi wa habari Hani Motoko alilieneza huko Japani mwaka 1904 kupitia daftari la hesabu za nyumbani linaloitwa kakeibo, na msingi wake haujabadilika tangu wakati huo. Mtu huandika kilichoingia, huamua kiasi cha kuweka, huandika kinachotoka, kisha mwishoni mwa mwezi hujiuliza cha kurekebisha.

Huenda umesikia kanuni ya kugawa mapato katika asilimia 50 za mahitaji, 30 za matamanio na 20 za akiba. Inafaa kama kipimo cha kujilinganisha, lakini isikutie unyonge. Kwa mtu ambaye kodi ya nyumba na chakula vinachukua asilimia 75 ya mapato yake, kanuni hiyo haina msaada, na asilimia 5 anazoziweka bila kukosa zina thamani kubwa kuliko asilimia 20 zinazowekwa mwezi mmoja na kutolewa mwezi unaofuata.

Ukurasa wa miezi 12

Sasa chukua ukurasa mmoja mkubwa, andika majina ya miezi yote, kisha upite mwezi baada ya mwezi ukijiuliza ni malipo gani yasiyo ya kila mwezi yanayoangukia hapo. Ada, bima, leseni, kodi za serikali, sare na vitabu vya watoto, matengenezo ya gari au baiskeli, safari ya kwenda kwa wazazi, sikukuu, michango ya sherehe na misiba. Ujumbe wa simu na taarifa za benki za mwaka uliopita zitakukumbusha mengi uliyoyasahau. Michango haina tarehe kamili, lakini ukijumlisha ya mwaka uliopita utapata makadirio ya kuanzia, nayo yaingizwe ukurasani kama bili nyingine.

Jumlisha, kisha ugawe kwa 12. Tuseme ada ni 600, bima ni 360, na mengine yote yanafika 840, kwa fedha yoyote unayotumia. Jumla ni 1,800, ambayo ni 150 kwa mwezi. Kiasi hicho ni sehemu ya matumizi yako ya kila mwezi hata kama mwezi huu hakuna bili iliyokuja. Anayeona kwamba mwezi huu "amebakiwa" na 150 hajabakiwa na kitu. Ameshika fedha ya bima ambayo bado haijadaiwa.

Hapa ndipo wengi wanaojaribu utaratibu huu hukwama, kwa sababu mwaka haukusubiri hadi ujaze mfuko wako. Ikiwa ada ya 600 inadaiwa baada ya miezi mitatu, utakuwa umeweka 450 tu, na utasema mpango haufanyi kazi. Kwa mzunguko wa kwanza, gawa kila gharama kwa miezi iliyobaki kabla ya tarehe yake. Ada ya 600 kwa miezi 3 ni 200 kwa mwezi. Bima ya 360 inayodaiwa baada ya miezi 9 ni 40. Yale mengine ya 840, yakichukuliwa kwamba yanadaiwa mwishoni mwa mwaka, ni 70. Utaanza basi kwa kuweka 310 kila mwezi, na ni mzigo kweli. Ada ikishalipwa, unaanza kuikusanya ile ya mwaka ujao kwa 50 kwa mwezi, kwa hiyo kiasi kinashuka hadi 160, na bima nayo ikishalipwa kinashuka hadi 150 na kubaki hapo. Ugumu wote umo katika miezi mitatu ya mwanzo.

Kama 310 haipatikani kwa namna yoyote, weka unachoweza na umwendee anayekudai kabla ya tarehe kuomba kulipa kwa awamu; maombi yanayoletwa mapema husikilizwa kuliko visingizio vinavyoletwa baadaye. Ikibidi kukopa, kopa pengo tu. Aliyeweka 450 akakopa 150 yuko mahali tofauti sana na aliyekopa 600 yote, hata kama wote wawili wataonekana wana deni.

Ukurasa huohuo upokee pia vitu vinavyochakaa. Simu iliyonunuliwa kwa 360, ambayo kwa uzoefu wako hudumu miaka mitatu, inakula 10 kila mwezi kuanzia siku unayoitoa kwenye boksi. Jokofu, magurudumu, viatu vya kazi na kompyuta ni hivyohivyo. Vitakufa siku usiyoijua, lakini kwamba vitakufa unajua.

Fedha hii ikae mbali na ile ya matumizi ya kila siku. Akaunti ya pili isiyo na kadi inafaa, na bahasha yenye maandishi pia inafaa kwa mtu anayejiamini. Mimi sijiamini kiasi hicho.

Siku ya mapato

Akiba inayosubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi kwa kawaida husubiri bure, kwa kuwa matumizi yana tabia ya kutanuka hadi kukutana na kilichopo. Siku mshahara unapoingia, kabla hujanunua chochote, hamisha fedha ya ukurasa wa miezi 12 na fedha ya akiba. Afadhali zaidi uagize benki ihamishe yenyewe kila mwezi, ili uamuzi ufanyike mara moja tu badala ya mara 12 kwa mwaka. Tarehe ya uhamisho iwe siku ileile ya mapato au kesho yake; ukiweka siku tano baadaye, benki itakuta salio halitoshi.

Wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliutumia udhaifu huu wa binadamu kumsaidia binadamu mwenyewe. Katika mpango waliouchapisha mwaka 2004, wafanyakazi hawakuombwa kupunguza kipato walichokwisha kukizoea. Waliahidi mapema kwamba sehemu ya kila nyongeza ya mshahara ingekwenda kwenye akiba ya uzeeni moja kwa moja. Katika kampuni ya kwanza iliyojaribu, waliojiunga walikuwa wakiweka asilimia 3.5 ya mshahara, na baada ya miezi 40 walikuwa wamefika asilimia 13.6. Mtu binafsi anaweza kuiga jambo hilo bila mwajiri: andika leo daftarini kwamba nusu ya nyongeza ijayo itaingizwa kwenye agizo la benki siku ileile itakapoanza kulipwa, kabla nyumba haijaizoea.

Kwa fundi, mfanyabiashara mdogo au mwandishi wa kujitegemea, ambaye mwezi mmoja hupata 1,500 na mwingine 600, utaratibu unahitaji hatua moja ya ziada. Angalia miezi 12 iliyopita na utafute wastani, kisha ujipangie mshahara ulio chini kidogo ya wastani huo na karibu na miezi yako mibaya. Mapato yote yaingie katika akaunti moja ya kupokelea, nayo ikulipe mshahara huo siku moja maalumu ya mwezi. Mwezi mzuri unaijaza akaunti, mwezi mbaya unachota humo, na jikoni hakuna anayejua tofauti. Kosa la kawaida ni kupandisha mshahara baada ya miezi miwili mizuri. Subiri angalau sita.

Mfuko wa dharura ya kweli

Ukishatenga gharama zenye tarehe, kinachobaki kuitwa dharura ni kidogo na kizito: ugonjwa, kupoteza kazi, msiba, moto, mafuriko. Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni matumizi ya lazima ya miezi mitatu hadi sita. Zingatia kwamba kinachopimwa ni matumizi ya lazima, wala si mapato, jambo ambalo huifanya hesabu iwe ndogo kuliko inavyoogopesha. Lenga kwanza mwezi mmoja. Fedha hii iweze kupatikana ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo isifungwe kwenye amana ya muda maalumu wala kwenye kiwanja, lakini isikae pia kwenye simu unayolipia nayo kila siku.

Kusoma bei ya mkopo

Kukopa ni harusi, kulipa ni matanga, na sehemu kubwa ya matanga hayo hutokana na kutosoma bei. Mkopaji huuliza rejesho la mwezi ni kiasi gani, akiona linamtosha anasaini. Maswali ya maana ni mawili: nitarudisha jumla ya kiasi gani, pamoja na ada zote, na riba inapigwa juu ya nini?

Chukua mkopo wa 1,200 wa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 10. Mkopeshaji wa kwanza anapiga riba juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: riba ni 120, utarudisha 1,320, yaani 110 kila mwezi. Wa pili anapiga asilimia 10 hizohizo za mwaka juu ya salio linalobaki baada ya kila rejesho: utalipa karibu 105.50 kwa mwezi, na riba yote itakuwa takriban 66. Wote wametangaza asilimia 10, lakini wa kwanza anatoza karibu mara mbili ya wa pili, kwa sababu kufikia katikati ya mwaka umekwisha kumrudishia nusu ya fedha yake ilhali bado anakutoza riba ya 1,200 kamili. Ukiigeuza riba yake ipimwe kwa salio kama ya yule wa pili, inafika karibu asilimia 18 kwa mwaka.

Mikopo ya haraka ya siku 30 ina mtego mwingine. Asilimia 10 kwa mwezi inasikika kama kitu kidogo, na kwa mtu anayelipa mara moja na kumaliza huenda ikavumilika. Kwa anayelipa mkopo mmoja kwa kuchukua mwingine, deni la 100 huwa 314 baada ya miezi 12, hata kabla ya kuhesabu ada za kuchelewa.

Ukiwa na madeni kadhaa, yaorodheshe yote pamoja na riba zake, lipa kiwango cha chini kwa kila moja, na ziada yote uielekeze kwenye lenye riba kubwa zaidi. Kihesabu hakuna njia inayoishinda hiyo. Wako wanaopendelea kumaliza kwanza deni dogo ili wapate moyo, na sina ugomvi nao ikiwa riba zinakaribiana; zikiwa mbalimbali, moyo huo una gharama. Je, mtu mwenye madeni aweke akiba? Naona aweke matumizi ya mwezi mmoja tu, ili homa ya mtoto isimrudishe kwa mkopeshaji, kisha nguvu zote ziende kwenye deni.

Kuhusu kumdhamini mtu, chukulia siku unayosaini kwamba utalipa wewe, na kama huwezi kulipa, usisaini. Kuhusu ndugu na marafiki wanaoomba kukopeshwa, mimi nilitenga fungu dogo la kila mwezi kwa ajili hiyo. Anayeomba hupewa kilichomo kama zawadi, na fungu likiisha nina jibu la kweli la kumpa badala ya uongo wa aibu.

Mahali pa kupunguza

Anza na makubwa. Ikiwa nyumba inachukua asilimia 30 ya mapato yako na vinywaji vya mchana vinachukua 3, kupunguza kodi kwa sehemu moja ya kumi, iwe kwa kujadiliana na mwenye nyumba au kwa kuhama, kunaokoa sawasawa na kuacha vinywaji hivyo kabisa, tena kwa uamuzi mmoja badala ya vita vya kila siku. Nyumba, usafiri na chakula ndiyo yenye nafasi. Mengine yapitie mara moja kwa mwaka, hasa malipo yanayojirudia yenyewe kwa huduma ambazo hakuna anayezitumia tena.

Dukani, linganisha bei kwa kipimo kimoja. Pakiti ya gramu 400 kwa 10 ni 2.50 kwa kila gramu 100, na ya gramu 900 kwa 24 ni karibu 2.67, kwa hiyo kubwa si lazima iwe rahisi. Kununua kwa jumla kuna faida kwa kitu kisichoharibika na ambacho hakiliwi haraka zaidi kwa sababu kipo kingi. Kwa kitu kikubwa ambacho si cha lazima, andika jina lake na tarehe, usubiri siku saba. Vitu vingi nilivyoviandika hivyo sikumbuki tena nilivitakia nini.

Akiba inapokua, na inapoliwa

Ili kujua fedha itakuwa maradufu baada ya miaka mingapi, gawa 72 kwa kiwango cha riba. Kwa asilimia 6 ni miaka 12 hivi, kwa asilimia 9 ni minane. Kanuni hiyohiyo husema ukweli mchungu kuhusu mfumuko wa bei: bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, fedha iliyolala bila riba itakuwa imepoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kununua baada ya miaka 12. Ndiyo maana mfuko wa dharura unaweza kukaa karibu hata kwa riba ndogo, lakini akiba ya miaka mingi inahitaji mahali panapoushinda mfumuko wa bei baada ya kutoa makato.

Anayekuahidi kukushindia kwa mbali na bila hatari yoyote, mwogope. Mwaka 1920 mjini Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na waliotangulia walilipwa kweli, kwa fedha za waliofuata. Mwezi Agosti mwaka huohuo alikuwa amekamatwa. Mbinu ni ileile hadi leo, na ushahidi unaotolewa ni uleule: "jirani yangu amelipwa."

Kikao cha mwezi

Mara moja kwa mwezi, siku moja kabla ya mapato kuingia, kaa nusu saa na mwenzi wako, au peke yako kama unaishi peke yako, mkiwa na daftari na ukurasa wa miezi 12. Tazameni miezi mitatu ijayo, hakikisheni kila chenye tarehe kina fedha yake, na mrekebishe makadirio yaliyokosea. Fungu likiwa limezidiwa, amueni lipi litachangia, msiache hesabu zining'inie. Na ikiwa mfuko wa dharura umeguswa, andikeni mistari miwili: kilichotokea, na kiasi kitakachorudishwa kila mwezi hadi ujae. Mstari wa kwanza ukirudiwa mwaka unaofuata katika mwezi uleule, uhamishieni kwenye ukurasa wa miezi 12.